Gari la Toktosun Likipata Moto

Betri ililala ndani karibu na jiko, juu ya gunia lililokunjwa. Toktosun aliinama, akaishika kwa mikono miwili, akainyanyua polepole kama mtu anayemnyanyua kondoo mgonjwa. Mgongo ulimuuma. Mkewe, Asilkan, alikuwa anakanda unga kwenye meza fupi, na hakugeuza kichwa.

"Theluji imeshatoka mpaka nyuma ya zizi," alisema. "Hiyo betri bado inalala kwenye jiko, na mimi nalala mlangoni."

"Leo sitaki mchezo na gari."

"Kila siku husemi hivyohivyo?"

"Leo wanakagua, Asilkan."

Hapo ndipo alipogeuka. Alijipangusa unga mikononi, akamfungulia mlango ili asihangaike na betri kifuani, kisha akasimama kizingitini na sweta lake lililotoboka kwenye viwiko, akimwangalia akivuka ua. Matope ya usiku yalikuwa yameganda juu kidogo, yakivunjika chini ya viatu vya mpira kama ganda la yai.

Gari lilikuwa la Kijerumani, rangi yake zamani ilikuwa buluu. Lilikuwa limezaliwa karibu na wakati mmoja na Taalai, mtoto wao wa kiume, na kama Taalai mwenyewe lilikuwa limepita mikono mingi mbali na nyumbani. Chini ya boneti, injini ilikuwa imefunikwa kwa kipande cha sufu nzito alichokikata Asilkan kutoka kwenye zulia la marehemu mama yake. Ile nakshi nyekundu ya mapembe ya kondoo ilikuwa imekatika katikati, ikabaki pembe moja upande huu na nusu pembe upande ule. Sufu hiyo iliwekwa siku ya theluji ya kwanza na haijaondolewa tena. Toktosun aliifunga betri, akakaza vichwa vyake, akaingia, akazungusha ufunguo.

Liliwaka papo hapo, kama lililokuwa likimsubiri.

Na huo ndio ulikuwa uchungu wake. Alfajiri, wakati magari ya majirani yanakohoa na wenyewe wanatukana, gari la Toktosun lilikuwa halina neno. Ukilizima likiwa limeshapata moto, ukaenda ukanywa chai, ukarudi, linakugomea. Stata itazunguka, itazunguka, wapi. Ukiliacha mpaka lipoe kabisa, mpaka ukiweka kiganja kwenye injini husikii kitu, litawaka tena na kukuaibisha mbele ya watu uliowaambia ni bovu.

Ugonjwa huo ulianza theluji ilipoanza kuyeyuka. Wakati wa baridi kali hakuna dereva katika bonde lile anayezima gari mjini, kwa hiyo hakuna aliyejua. Anayezima Januari ni mwendawazimu. Lakini petroli ilipopanda, ikapanda tena, madereva wote wakaanza kuzima wakiwa kwenye foleni, na gari la Toktosun likaanza kugoma. Akabadilisha plagi. Akabadilisha pampu ya mafuta, na hiyo ilikula kondoo jike aliyekuwa na mimba. Betri nayo ilikuwa mpya, kwa sababu kila aliyefungua boneti alisema betri. Watu wa bonde lile wanaujua ugonjwa mmoja tu wa gari, nao ni baridi. Hata gari likigoma jua kali linakuwakia utosini, watakuuliza betri uliilaza wapi.

Abiria wake wa kwanza walikuwa wanasubiri kwenye kibanda cha barabarani: mwalimu Gulsaira, anayefundisha shule ya mjini, na Mairam, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, auzaye maziwa na kurut, vile vidonge vya maziwa makavu yenye chumvi. Mairam alipanga madumu yake nyuma, akaketi, kiti kikalia.

"Baike Toktosun," alisema, akimwita kaka mkubwa kwa heshima, "leo tunafika au tunasukuma?"

"Tunafika, mama."

"Nauliza ili nijue kama nivae viatu hivi au vile vingine."

Mwalimu Gulsaira alicheka kidogo, halafu akaangalia saa yake, kwa sababu mkuu wake wa shule husimama getini siku hizi kuwahesabu waliochelewa.

Walifika kituo cha mafuta jua likiwa limeshapanda juu ya mgongo wa mlima. Kibao cha bei kilikuwa kimebadilishwa tena tangu jana. Tarakimu mpya zilikuwa zimeandikwa kwa mkono juu ya karatasi, na chini yake ungeweza kuona ya jana, na chini ya ya jana, ya juzi. Toktosun alisimamisha gari nje ya geti, akaliacha likinguruma, akachukua dumu la plastiki.

"Dumu hatutii," alisema kijana wa pampu bila kutoa mikono mfukoni. "Amri. Watu wanaficha mafuta majumbani."

"Nafichaje lita chache, mwanangu? Gari lile pale."

"Basi lilete hapa, ulizime."

"Siwezi kulizima."

"Kwa nini?"

Ukimwambia kijana wa pampu gari lako lina ugonjwa, kufikia jioni habari imefika mjini. Lakini sindano ya mafuta ilikuwa imelala chini kabisa. Alirudi, akaliingiza, akalizima. Akatiwa mafuta. Akaenda kulipa dirishani, mwenye chenji akatafutwa, akapatikana anakunywa chai. Toktosun aliporudi na kuzungusha ufunguo, stata ilizunguka kwa bidii yote ya betri mpya, na injini haikusema kitu.

"Vile vingine," alisema Mairam, akianza kushuka. "Ningevaa vile vingine."

Walilisukuma watatu mpaka kwenye mteremko: Mairam, mwalimu na koti lake jeupe la safari, na kijana wa pampu ambaye sasa alikuwa ametoa mikono mfukoni. Lilishuka, likaruka, likakohoa wingu jeusi, likawaka. Mwalimu Gulsaira alipanda akiwa na tope mpaka magotini. Hakulalamika. Alitoa kitambaa, akalipangusa tope taratibu njia nzima, na Toktosun aliona ingekuwa afadhali kama angelalamika.

Kituo cha magari ya abiria mjini kilikuwa uwanja wa changarawe wenye mnyororo mlangoni na behewa la zamani lisilo na magurudumu, ambalo ndilo ofisi. Kwenye ukuta wa behewa palikuwa na ubao mweusi wenye majina ya madereva, na anayeandika na kufuta ni Burulcha, mwanamke mkavu mwenye shali ya rangi ya zambarau, ambaye kila dereva humwita Burulcha eje, yaani dada mkubwa, hata kama amemzidi umri, kwa sababu chaki iko mkononi mwake.

"Umekuja," alisema Burulcha. "Aliyebaki bila stika ni wewe tu. Mkaguzi Samat Osmonovich anakuja kabla hajaenda kula. Leo ndiyo mwisho."

"Najua, eje."

"Linawaka?"

"Linawaka."

Burulcha alimtazama kwa muda, kisha akatazama tope kwenye koti la mwalimu lililokuwa likipotea kona ya barabara.

Stika yenyewe ni karatasi ya kijani ya kubandika kwenye kioo cha mbele, haizidi kiganja. Asiyekuwa nayo haruhusiwi kupakia abiria pale. Na sharti jipya la mwaka ule lilikuwa kwamba gari lije likiwa na moto, lizimwe, likae, kisha liwashwe mbele ya mkaguzi. Walisema ni kwa sababu ya basi dogo lililogoma juu ya mlima wakati wa baridi na watu wakaganda vidole. Hakuna aliyeweza kulipinga sharti hilo, maana lilikuwa na sura ya huruma. Toktosun alikuwa ameiendesha njia ile tangu shamba la ushirika lilipovunjwa na matrekta yakaenda kwa wenye mikono mirefu. Hakuwa na kazi nyingine, na umri wa kutafuta nyingine ulikuwa umeshampita.

Alilizima gari kwa makusudi. Alitaka kujua kabla ya mkaguzi.

Dereva mwenzake, Kalmurat, kijana mfupi mwenye kofia ya sufu iliyosukumwa nyuma, alikuja akitafuna mbegu za alizeti. Gari lake lilikuwa limeshabandikwa stika tangu juzi.

"Baike, hili gari lako ni kama mama mkwe wangu. Asubuhi anacheka, mchana kanuna."

"Mama mkwe wako ana sababu."

"Hilo nalo kweli." Alitema maganda. "Nikuletee betri yangu?"

"Kalmurat, ukinitajia betri tena nitakupiga nayo."

Simu ya Toktosun ililia. Alikuwa Taalai, kutoka Urusi, Siberia huko, ambako alikuwa anapakia maboksi kwenye ghala kubwa. Mama yake alikuwa amempigia kumwambia habari ya ukaguzi. Nyuma yake ilisikika mikokoteni ya chuma ikigongana.

"Baba! Bado linagoma?"

"Bado. Uko kazini?"

"Nimetoka kunywa chai. Sema haraka, msimamizi wetu ana macho mpaka kisogoni. Weka simu kwenye injini, upige stata."

Toktosun alimpa Kalmurat simu, naye akaishika karibu na injini kwa mkono ulionyooshwa, kama mtu anayemlisha mbwa asiyemjua. Stata ikazunguka. Ikazunguka. Toktosun akaacha.

"Stata safi," sauti ya Taalai ilisema. "Betri nzima. Achaneni na betri."

"Huku kila mtu anasema betri."

"Huko hata mtu akiumwa jino watamwambia betri. Kuna harufu ya petroli?"

Kalmurat alinusa. "Ipo, ndugu yangu. Kama tumesimama kwenye pampu."

"Toa plagi moja."

Toktosun aliichokonoa kutoka pembeni, bila kuigusa sufu, akaunguza kidole, akaitoa. Ilikuwa nyeusi na imelowa. Tone lilining'inia kwenye ncha yake.

"Imelowa, Taalai."

"Enhe. Basi mafuta yanafika. Na moto wa plagi upo, maana asubuhi linawaka. Tatizo ni kwamba yanafika mengi mno, linazama. Rudisha plagi. Halafu kanyaga mafuta mpaka sakafuni, usipampu, ushikilie tu hapo, upige stata."

Toktosun alifanya hivyo. Injini ililalamika, ikakohoa silinda moja, ikakohoa ya pili, moshi mweusi ukatoka nyuma ukawafunika njiwa wa uwanjani, na gari likawaka.

"Umesikia?"

"Nimesikia, baba!" Taalai alicheka, na kwa kicheko hicho tu Toktosun alimwona, yuko uani, amekaa juu ya tairi. "Linamwagiwa petroli kama la alfajiri ya Januari. Lile boksi la kompyuta linafikiri injini ina baridi."

"Baridi ya wapi? Sindano ya joto iko katikati kabisa."

"Geji haina… ngoja, baba, geji…" Mtu alifoka kwa Kirusi. "Naja! Baba, naenda, nitakupigia."

Simu ikakatika.

"Lina moto, lakini linajiona lina baridi," alisema Kalmurat. "Nina shangazi wa hivyo. Julai na makoti mawili."

Hawakupata muda wa kucheka. Gari jeupe liliingia, mnyororo ukashushwa, na Samat Osmonovich akashuka. Alikuwa mtu wa makamo, amechoka usoni, koti lake la ngozi limemenyuka kwenye kola. Alimsalimia Toktosun kwa mikono miwili, kama inavyompasa mtu kumsalimia aliyemzidi umri. Alimuuliza habari za mifugo na za mtoto. Akagusa boneti kwa kiganja.

"Lina moto. Vizuri. Zima, mzee."

Toktosun alilizima. Wote walisimama wakiangalia milima, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kuangalia. Burulcha alitoka na bilauri ya chai, akampa mkaguzi. Mkaguzi alikunywa taratibu mpaka chini.

"Haya, washa."

Toktosun aliingia, akakanyaga mafuta mpaka sakafuni.

"Mguu, mzee." Samat Osmonovich aliinama dirishani. "Toa mguu kwenye mafuta. Gari zima linawaka kwa ufunguo peke yake."

"Hili lina namna yake, Samat Osmonovich."

"Abiria wakikwama juu ya mlima utawaambia lina namna yake?"

Toktosun aliuondoa mguu. Aliuweka pembeni, mahali ambapo mkaguzi angeweza kuuona wote, mpaka kiatu chake chenye kiraka. Akazungusha ufunguo. Stata ilizunguka, na kila mmoja pale uwanjani aliacha alichokuwa akifanya, hata wauza maandazi, hata mtu aliyekuwa akigombana na mwenzake juu ya gurudumu. Ilizunguka mpaka sauti yake ikaanza kushuka.

"Basi," alisema mkaguzi. "Basi, mzee, utaua betri."

Alipiga paa la gari mara moja kwa upole, kama mtu anayemfariji farasi. Alimpungia Burulcha kidole kuelekea ubaoni. Burulcha alisimama kidogo, kisha akalifuta jina la Toktosun kwa ncha ya shali yake ya zambarau, si kwa kitambaa cha ubao. Pale palipofutwa, akaandika jina la mwenye gari dogo jipya la kijivu lililokuwa limeegeshwa nje ya mnyororo tangu asubuhi. Mwenyewe alikuwa amelala ndani, miguu dirishani. Hakuna aliyekuwa amemwambia ajiandae, kwa kuwa alikuwa ameshajiandaa.

Samat Osmonovich aliingia kwenye behewa, ambako Burulcha alikuwa amemwekea sahani ya tambi za nyama.

Toktosun alibaki ameketi na mikono kwenye usukani. Alikuwa amechoka kwa uchovu ule usiotaka hata kulala. Alimfikiria Asilkan kizingitini na unga wake. Aliwaza, nitasema nini nikifika. Kisha, kwa kuwa mikono haiwezi kukaa bure hata moyo ukiwa umekaa, alishuka, akafungua boneti, akaishika ile sufu kwa pembe zake na kuiondoa yote. Ilikuwa mara ya kwanza tangu theluji ya kwanza. Vumbi na manyoya vilipaa.

Nyuma kabisa ya injini, karibu na ukuta wa chuma unaoitenga na kabini, mahali ambapo mkono huingia kwa kuchubuka, aliona rangi nyekundu.

Mwanzoni alidhani ni uzi wa zulia uliochomoka. Ulikuwa kweli uzi wa zulia, ila haukuchomoka. Ulikuwa umefungwa. Umezungushwa juu ya waya kwa mizunguko iliyobanana, safi, na mwisho wake umepitishwa chini kwa fundo dogo, fundo lile ambalo mama yake Asilkan alikuwa akifungia ncha za mazulia, na ambalo alimfundisha mjukuu wake mmoja tu, siku za mafua, ili atulie kitandani.

"Kalmurat," aliita. "Njoo uone."

Kalmurat aliingiza kichwa, akafungua uzi kwa ukucha. Chini ya uzi, waya ulikuwa umekatwa na kuunganishwa tena, na katikati ya maungio palikuwa na kidubwana cha redio chenye michirizi ya rangi, kidogo kama punje ya mchele.

"Aaa!" Kalmurat alipiga goti lake. "Hii ni dawa ya baridi, baike! Rezista. Mjomba wangu kule juu anawekewa kila mwaka. Huwekwa theluji ikianguka, hutolewa mifugo ikipanda malishoni. Nani alikuwekea?"

Toktosun alikuwa ameikumbuka ile asubuhi ya theluji ya kwanza, kabla sufu haijawekwa. Taalai alikuwa aondoke kesho yake. Kulikuwa na baridi ya kupasua mawe, na kijana ameinama humu humu, pua inamvuja, anapuliza vidole. Tepu ilikuwa inagoma kushika kwa sababu ya barafu, akaingia ndani akaomba uzi. Alipomaliza alisema, "Baba, sasa litakuwakia hata mto ukiganda mpaka chini." Na mto uliganda, na liliwaka, kila alfajiri, baridi nzima, na kila alfajiri Toktosun alimshukuru Mungu na betri.

"Sensa za kupima joto ziko mbili," Kalmurat alikuwa anaeleza, akionyesha kwa maganda ya alizeti. "Hii inakuambia wewe, ndiyo ya geji. Ile ya nyuma inaliambia boksi. Hiki kidude kinakaa katikati kinalidanganya boksi: baridi, baridi, mwaga mafuta. Alfajiri ni sawa. Likiwa na moto linazama. Aliyeweka alipaswa kukitoa."

"Alisafiri," alisema Toktosun.

Alikitoa mwenyewe. Akazisokota ncha mbili za waya pamoja, akazifunga kwa uzi uleule mwekundu, ingawa lile fundo hakulijua, akafunga lake la kufungia magunia. Akaingia. Akaanza kwa kukanyaga mpaka sakafuni, kutoa yale mafuta yaliyokwisha mwagika. Likakohoa, likawaka, likachafua hewa, kisha likatulia na moshi ukawa mweupe, ukawa hakuna. Akalizima. Akasubiri. Akaweka mguu pembeni, akazungusha ufunguo.

Liliwaka kabla hajamaliza kuzungusha.

Kalmurat alipiga mluzi. Muuza maandazi alipiga makofi bila kujua ni kwa nini. Toktosun alishuka, akajipangusa mikono kwenye suruali, akaenda kwenye behewa, akavua kofia.

"Samat Osmonovich. Limepona. Njoo ulione, dakika moja tu."

Mkaguzi alikuwa na tambi kwenye uma. Aliweka uma chini. Alisikiliza injini iliyokuwa ikinguruma nje, akaisikiliza kweli, kichwa kimeinama upande.

"Linanguruma vizuri," alikubali.

"Ulikuwa waya tu."

"Mzee wangu, kaa." Toktosun hakukaa. "Nitakuambia kitu, na usinitaje. Sisi tumeambiwa magari ya zamani yapungue. Hawakutuambia kwa njia gani. Wewe hukuwaka, ukanirahisishia. Ungewaka, ningelala macho wazi nikitafuta kutu mahali. Lile la kijivu lilishapewa nafasi tangu wiki iliyopita. Ilibaki tu apatikane wa kuiachia."

"Kwa hiyo lingewaka, lisingewaka…"

"Kula tambi, mzee. Burulcha, mwekee mzee tambi."

Burulcha alishika sahani lakini hakuinua macho. Toktosun alivaa kofia yake.

"Asante, eje. Nimeacha gari linakunywa mafuta."

Alitoka. Alilisogeza gari, akaliegesha chini ya dirisha la behewa, karibu kiasi kwamba kioo kilitetemeka. Akalizima. Akatoa simu, akaanza kumrekodia Taalai ujumbe wa sauti, akaishika nje ya dirisha la gari. Akaliwasha. Akalizima. Akaliwasha. Uwanja mzima ukageuka kutazama. Kila alipozima, kimya kiliingia, ungeweza kusikia uma ukigonga sahani ndani ya behewa, na kila alipowasha, liliwaka mara moja, kwa ufunguo peke yake, mguu pembeni. Pazia la dirisha lilivutwa. Akaliwasha tena.

"Baike," Kalmurat alisema taratibu, "umeshamwonyesha. Petroli hiyo."

"Bado kidogo."

Mairam alikuja kutoka sokoni na madumu yake matupu. Aliutazama ubao, akalitafuta jina, akaliona doa la chaki. Alifungua mlango wa nyuma, akaweka madumu, akaketi.

"Ndani ya mnyororo haruhusiwi kupakia," Burulcha alisema mlangoni, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma kitu alichoandikiwa.

"Sijapakiwa," alisema Mairam. "Nimekaa tu, miguu inaniuma. Mwambie akitoka nje ya mnyororo anigutushe."

Simu ililia. Nyuma ya Taalai palikuwa kimya safari hii, labda alikuwa amejificha chooni.

"Baba! Nimesikia! Limewaka likiwa na moto?"

"La moto kabisa. Ukiweka mkono unaungua."

"Ilikuwa nini? Maana nimefikiria hapa, nikasema, isije ikawa kuna kitu nilikifunga mimi kule nyuma, kabla sijaondoka…"

Toktosun aliingiza vidole kwenye mfuko wa shati. Kilikuwa pale, kile kidubwana kidogo, kimenasa kwenye kipande cha uzi.

"Hapana," alisema. "Waya tu. Ulilegea."

"Waya tu?"

"Ulilegea. Nimeukaza."

"Alhamdulillahi." Kijana alipumua. "Na stika? Wamekupa?"

Burulcha alikuwa bado amesimama mlangoni mwa behewa. Mtu wa gari la kijivu alikuwa ameamka, anajinyoosha, anaingiza gari lake taratibu mahali ambapo Toktosun alikuwa akiegesha miaka yote. Toktosun alitia gia, akaachia klachi, akauelekea mnyororo.

"Limewaka, mwanangu," alisema. "Umesikia lilivyowaka?"